Hatua ya Kwanza: Habari za Mashine Zichezazo Sataranji

Nawasalimu wanafunzi wa madarasa ya jioni wa Bagamoyo, Kaole, Zinga, Kerege na Mapinga, na ninyi nyote mlioko pwani mpaka Bunju na Kunduchi. Natumaini kila darasa limekwisha kaa, na kila mtu ana penseli na daftari lake. Msimamizi wa darasa, tafadhali ongeza sauti ya redio kidogo ili walio nyuma nao wasikie.

Somo la leo ni la historia, nalo limetokana na barua. Mwanafunzi mmoja wa Zinga ameniandikia kwa mkono wake mwenyewe, mistari tisa, herufi zimenyooka. Asema amesikia kwamba ziko mashine zichezazo sataranji hata kuwashinda mabingwa wa dunia. Kisha auliza: "Mtu hujifunza kuanza mchezo kwa kukaa na wazee barazani. Je, mashine, ambayo haikukaa baraza lolote, hujuaje pa kuanzia?"

Swali hili ni zuri kuliko alivyodhani mwenyewe, maana watengenezaji wa mashine hizo walihangaika nalo kwa miaka mingi. Lakini kabla hatujafika kwenye mashine, tuanze kwa mchezo tunaoujua.

Choreni ubao wa bao katika daftari zenu: mistari minne, kila mstari mashimo manane. Jumla ni mashimo 32. Mistari miwili ni yako, miwili ya mwenzako. Kete zote ni 64, yaani kila mmoja ana 32. Katika bao la Kiswahili hatuanzi na kete zote ubaoni. Hesabu mashimo ya mstari wako wa mbele kutoka kushoto kwako: shimo la tano ndilo nyumba. Ndani yake tia kete 6. Shimo la sita tia 2, na la saba tia 2. Zilizobaki 22 zikae mkononi, nawe utazinamua moja moja. Mwenzako naye apange vivyo hivyo upande wake.

Sasa tazameni vizuri. Kwa kuwa mnatazamana, kushoto kwako ni kulia kwake. Mashimo yako yenye kete yanaelekea mashimo yake matupu. Kwa hiyo anayeanza hana cha kula. Hana budi kutakasa tu. Na njia alizo nazo ni chache, zahesabika kwa vidole vya mkono mmoja: shimo la 6 au la 7, kulia au kushoto.

Hivi majuzi nilikuja Bagamoyo kukagua madarasa. Nilipomaliza nikapita barazani kwa mzee mmoja, fundi wa bao. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, bwana mwalimu. Keti tucheze." Nikakaa. Alinifunga mara tatu kabla ya adhana ya adhuhuri, na sikuona haya, kwa kuwa watazamaji waliniambia kwamba wamefungwa wakubwa kuliko mimi. Niliona kwamba kila alipoanza yeye, alianza kwa njia moja tu. Nikamwuliza, "Mzee, mbona waanza hivyo kila mara?" Akanijibu, "Ndivyo nilivyowakuta wakianza." Hakusema zaidi, akanamua.

Yawekeni maneno hayo akilini, maana mtaona kwamba mashine nazo kwa miaka mingi hazikuwa na jibu jingine ila hilo.

Tuingie sasa katika sataranji. Ubao wake una vyumba 64, nane kwa nane. Kila mchezaji ana vipande 16: mfalme, malkia, ngome, farasi na wengineo, na mbele yao askari wanane. Anayetangulia ana njia ngapi za kuanza? Fanyeni hesabu pamoja nami. Kila askari aweza kwenda chumba kimoja au viwili: 8 mara 2 ni 16. Farasi wawili, kila mmoja aweza kuruka mahali pawili: hizo ni 4. Jumla ni 20. Mwenzake naye ana 20. Basi baada ya kila mmoja kucheza mara moja tu, mchezo waweza kuwa umekwenda kwa njia 20 mara 20, yaani 400. Kila mmoja akicheza mara mbili, njia ni 197,281. Kila mmoja akicheza mara tatu, njia ni 119,060,324. Andikeni namba hiyo, kisha isomeni kwa sauti. Ni zoezi zuri la mamilioni.

Watu walianza zamani kutamani mashine ya kucheza sataranji. Mwaka 1769 bwana mmoja, Wolfgang von Kempelen, alitengeneza sanduku kubwa lenye sanamu ya mtu aliyevaa kilemba, na sanamu hiyo ikacheza na kuwafunga watu. Hata Napoleon alicheza nayo mwaka 1809. Siri ilikuwa nini? Ndani ya sanduku alijificha mtu! Miaka mingi ikapita kabla ya jambo hilo kujulikana wazi.

Mashine ya kweli ilianza katika karatasi. Mwingereza Alan Turing, mtaalamu wa hesabu, aliandika amri ambazo mashine ingezifuata ili icheze sataranji. Mwaka 1952, kwa kuwa hapakuwa na mashine ya kutosha kuzitimiza, yeye mwenyewe alijifanya mashine. Alikaa na karatasi zake akacheza na mwenzake, akifuata amri zake bila kutumia akili yake mwingine. Kila hatua ilimchukua kama nusu saa ya kuhesabu, na mwisho akashindwa.

Amri hizo zilifanana na mizani ya sokoni. Mmarekani Claude Shannon alieleza jambo hili vizuri katika makala yake ya mwaka 1950. Kila kipande kina uzito: askari 1, farasi 3, ngome 5, malkia 9. Mashine hujaribu moyoni mwake, kama tukisema ina moyo, hatua moja, kisha jibu la adui, kisha hatua yake tena, na mwisho wa kila njia hupima: uzito wangu ni ngapi, wa adui ni ngapi? Huichagua njia inayomwachia nafuu hata adui akijibu vizuri kabisa. Wachezaji wa bao mnafanya hivyo hivyo mnapohesabu kete zitakapoishia.

Mizani hiyo yafaa sana katikati ya mchezo, watu wanapolana. Lakini mwanzoni? Jaribu hatua yoyote katika zile 20. Hakuna aliyeliwa. Upande huu mizani yasema sawasawa, upande ule yasema sawasawa. Hatua njema na hatua ya kipumbavu zina uzito mmoja, kwa sababu faida ya mwanzo mwema haionekani ila baada ya hatua kumi na tano au ishirini, na mashine za siku zile hazikuweza kuona mbali namna hiyo. Hapo ndipo ilipokuwa shida yenyewe. Mashine ilikuwa kama mtu mwenye macho makali asimamaye katika ukungu.

Basi wenye mashine wakafanya jambo la busara: waliipa kitabu.

Maana mianzo ya sataranji ilikuwa imeandikwa tangu kale. Katika Baghdad ya karne ya 10, bingwa aliyeitwa as-Suli aliandika juu ya mchezo huo, pamoja na namna za kupanga vipande mwanzoni. Jina lenyewe sataranji tumelipata kwa njia ya Waarabu. Mwaka 1497 huko Hispania, Lucena alichapisha kitabu chenye mianzo. Tangu hapo vitabu havikukoma, na wachezaji wa mashindano wakawa na desturi ya kuandika kila hatua wanayocheza, mshindi na mshindwa, hata mchezo uwe mbaya. Kutoka 1974 mianzo hiyo ikakusanywa katika kamusi kubwa yenye mafungu 500, kila fungu na alama yake.

Mwaka 1967, katika chuo cha MIT huko Marekani, Richard Greenblatt na wenzake walikuwa na programu iitwayo Mac Hack. Ilikuwa ya kwanza kuingia katika mashindano pamoja na watu, nayo ilikuwa na kitabu cha mianzo kilichotiwa ndani yake. Kuanzia hapo ikawa desturi. Mashine ikianza mchezo haifikiri hata kidogo. Hutazama ubao, huuliza kitabu chake, "Je, hali hii imo?" Ikiwa imo, hucheza kilichoandikwa, upesi sana. Ikiwa haimo, ndipo huanza kuhesabu.

Pengine mtauliza: ikiwa adui amefika mahali pale pale kwa mpango mwingine wa hatua, kitabu kitajuaje? Swali hilo nalo lilitafutiwa dawa. Ukitoka Dar es Salaam waweza kufika Bagamoyo kwa njia ya Bunju na Mapinga. Mwingine aweza kuzunguka Chalinze na Msata, na Bagamoyo atakayoikuta ni ile ile. Kwa hiyo kitabu cha mashine hakihifadhi safari, huhifadhi mahali. Kila kipande katika kila chumba hupewa namba kubwa, na namba hizo huchanganywa kuwa namba moja ya ubao mzima. Aliyebuni njia hii ni Albert Zobrist, mwaka 1970. Mashine huitafuta namba hiyo kama vile karani atafutavyo namba ya kiwanja katika daftari.

Na ikiwa kitabu kina hatua tatu njema kwa mahali pamoja? Hapo mashine hupiga kura. Tuseme hatua ya kwanza imepewa uzito 60, ya pili 30, ya tatu 10. Ni kama kutia katika kofia vikaratasi 100: sitini vya kwanza, thelathini vya pili, kumi vya tatu, kisha kuvuta kimoja bila kutazama. Hivyo hatua iliyo bora huchezwa mara nyingi, lakini adui hawezi kujua kwa hakika. Mashine ikishindwa mara kwa mara kwa hatua fulani, uzito wake hupunguzwa. Kama yule mzee wangu angelipiga kura hivyo, pengine ningelifungwa mara tano badala ya tatu!

Sasa tufike katika siku iliyo mashuhuri kuliko zote katika habari hizi. Ni tarehe 11 Mei 1997, mjini New York. Garry Kasparov, Mrusi, bingwa wa dunia, alikuwa akicheza mchezo wa sita na wa mwisho na mashine ya kampuni ya IBM, iitwayo Deep Blue. Walikuwa sawa kwa pointi. Mashine hiyo iliweza kupima hali za ubao kiasi cha milioni 200 kwa sekunde moja. Lakini sikilizeni ilivyokuwa na kitabu chake. Mabingwa wa kibinadamu walikuwa wameiandalia kwa mkono hali za mwanzo zipatazo 4,000. Zaidi ya hayo, ilipewa michezo 700,000 ya mabingwa iliyoandikwa. Ikitoka nje ya kitabu kidogo, iliuliza hazina ile kubwa: hatua hii imechezwa mara ngapi, na watu gani, nao walishinda au walishindwa?

Kasparov alichagua mwanzo uitwao Caro-Kann, na katika hatua ya saba akasogeza askari mmoja wa pembeni. Hilo lilikuwa kosa linalojulikana, nalo adhabu yake ni kutoa farasi mzima sadaka ili kumfunua mfalme. Yasemekana alitumaini kwamba mashine, ipendayo mali, haitakubali kutoa farasi wa uzito 3 bila kulipwa papo hapo. Mashine haikusita, ikatoa farasi. Bingwa akashika kichwa, na kufikia hatua ya kumi na tisa akajiuzulu. Mashindano yakaisha kwa pointi tatu na nusu kwa mbili na nusu.

Nani aliyetoa farasi yule? Mashine haikumhesabu, ilimsoma katika kitabu. Miaka kadhaa baadaye Miguel Illescas, bingwa wa Hispania aliyekuwa miongoni mwa waandalizi, alieleza kwamba asubuhi ya siku hiyo hiyo walikuwa wamekitia kitabuni kipengele hicho. Kwa maoni yangu, ndani ya sanduku lile mlikuwa bado na mtu, kama katika sanduku la Kempelen, ila safari hii hakujificha kwa mwili wake. Aliingia kwa maandishi.

Miaka ishirini ikapita. Mwezi wa Desemba 2017 kampuni ya DeepMind ya London ilitangaza programu iitwayo AlphaZero. Hii haikupewa kitabu cha mianzo wala mchezo hata mmoja wa binadamu. Ilifundishwa sheria tu: farasi huruka hivi, ngome huenda hivi. Kisha ikaachwa icheze yenyewe kwa yenyewe. Mwanzoni ilitupa vipande ovyo kama mtoto. Kila mchezo ulipokwisha ilijisahihisha kidogo, ikacheza tena. Ilicheza michezo milioni 44. Msidhani ilikuwa mashine moja mezani. Maelfu ya mashine za kuhesabu yalifanya kazi pamoja. Kwa saa nne tu ikawa imeipita Stockfish, iliyokuwa miongoni mwa programu zenye nguvu kabisa.

Jambo lililonishangaza mimi halikuwa nguvu zake. Waliichunguza mianzo yake. Walitwaa mianzo 12 ipendwayo sana na watu, wakatafuta kama mashine imewahi kuicheza ilipokuwa ikijifunza gizani peke yake. Waliikuta yote 12! Mingine iliishika, mingine iliicheza kwa muda kisha ikaiacha. Hakuna aliyeionyesha. Maana yake ni kwamba wale wa kale, waliopapasa karne kwa karne kwa kupoteza na kurudia, hawakuwa wakifuata mazoea matupu. Walikuwa wameiona milango iliyopo kweli.

Hata leo kitabu hakijafa. Katika mashindano makubwa ya mashine kwa mashine, watu ndio wanaozipangia mianzo ya kuanzia, na kila mwanzo huchezwa mara mbili, pande zikibadilishana. Mashine zenyewe zikiachwa huwa na tahadhari mno, na michezo huishia sare.

Na bao je? Mwaka 1995 Mholanzi Alex de Voogt alitoa kitabu juu ya mabingwa wa bao wa Zanzibar, baada ya kukaa nao na kuchunguza wanavyohesabu na kukumbuka. Kisha mwaka 2002, katika chuo kikuu cha Maastricht, huko huko Uholanzi, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk waliandika juu ya kutengeneza programu ya kucheza bao letu. Haikuwa kazi rahisi. Katika sataranji hatua moja ni kipande kimoja kusogea. Katika bao hatua moja yaweza kuzunguka ubao tena na tena. Mwaka 2006 wataalamu waliandika hata juu ya hatua ambazo hazikomi kabisa. Programu ya Donkers na Uiterwijk ilipewa mizani, na mizani mingine ilinolewa kwa kucheza na kujisahihisha.

Lakini hapakuwa na hazina ya michezo 700,000 ya bao ya kuitia ndani yake. Wapi ingepatikana? Bao limechezwa mwambao huu vizazi kwa vizazi. Mwalimu Nyerere mwenyewe alijulikana kwa kulipenda. Michezo mingapi imechezwa katika baraza za Bagamoyo peke yake, wapagazi wakingoja kuondoka kwenda bara, mabaharia wakingoja upepo? Hatukuandika.

Narudi kwa yule mzee. Tulipokwisha kucheza, akaleta kahawa, akaniambia habari za marehemu kaka yake. Alikuwa fundi kumpita yeye, na alikuwa na mwanzo wake mwenyewe. Watu walitoka Saadani kuja kumpima, wakarudi wamefungwa. Nikamwomba anionyeshe mwanzo huo. Akapanga kete. Akacheza hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha mkono ukasimama juu ya ubao. Alijaribu kulia, akatikisa kichwa, akazirudisha. Akajaribu kushoto, akazirudisha tena. "Mwalimu," akasema, "nilikaa naye kila siku. Nilidhani ninao." Tukanywa kahawa kimya.

Basi, zoezi la juma hili ni hili. Mashimo ya mbele yapeni namba 1 mpaka 8, kutoka kushoto kwa mchezaji. Ya nyuma yapeni namba hizo hizo, na mbele ya namba andikeni herufi N. Kwa kila hatua andikeni namba ya shimo uliponamua, kisha neno "kulia" au "kushoto". Kama mchezaji amekula, ongezeni alama ya msalaba. Wawili wacheze, wa tatu aandike. Msiharakishe; mwandishi akichelewa, wachezaji wangoje. Andikeni hatua kumi za kwanza za kila upande, pamoja na jina la mchezaji akikubali, na tarehe. Mwenye babu au mjomba aliye fundi, akamwombe kwa adabu acheze mbele ya daftari. Msimamizi azikusanye karatasi siku ya Ijumaa.

Ili mpate mfano, nitawasomea mstari wa kwanza wa daftari langu. Ni mwanzo wa yule mzee wa Bagamoyo, naye ameniruhusu. Alitia kete moja shimo la 7, zikawa 3. Akazichukua zote akaenda kulia: moja shimo la 8, moja N8, moja N7, zikakoma. Mimi nimeandika hivi:

1. 7 kulia.